Barua za Mtoto Mwingine

Watu wengi hudhani kambi ya watoto ni wiki moja ya Agosti. Wanaona mahema, wanasikia nyimbo, wanakula wali, basi. Marafiki wa kanisa letu walioko ng'ambo hata huiita kambi ya kiangazi, na Mama huwaacha tu, ingawa Agosti ya Kapseret ni mvua, ukungu na viatu vilivyojaa matope. Sisi tunaoishi katika nyumba ya kambi tunajua kwamba wiki hiyo moja hula mwaka mzima.

Januari tunaanika magodoro na kutazama yaliyoliwa na panya. Machi Mama huwafundisha walimu wa kujitolea. Mei tunazunguka kwa wakulima kuomba mahindi na maharagwe. Julai tunashona mahema yaliyoraruka. Septemba tunaosha upya sufuria ambazo hazikuoshwa vizuri Agosti, maana kila mtu alidai ni zamu ya mwenzake. Na katikati ya hayo yote, kila mwezi, kuna barua.

Barua ndizo Mama alizozijali kuliko kitu kingine chochote. Siku ya mwisho ya kambi aliwaambia watoto, "Mnakwenda nyumbani, lakini kambi haijaisha. Tuandikieni. Andikeni hata lile ambalo hamjamwambia mtu nyumbani. Kila barua itasomwa na kila barua itajibiwa." Kila kanisa lina sanduku la barua za kambi, na Jumapili ya mwisho wa mwezi wachungaji hutuletea zilizoingia.

Aliyekuwa akizijibu ni kaka yangu Oluoch. Watoto walimwita Anko Oluoch. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Januari mwaka huu aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, akafa siku hiyo hiyo. Tulimzika nyumbani kwetu karibu na ziwa. Kisha Baba akarudi kazini Nakuru, na mimi na Mama tukarudi Kapseret.

Mimi ni Bridgit, nina miaka kumi na mitatu, niko Gredi ya Saba. Baada ya mazishi nilikula, nilioga, nilikwenda shule. Nilipata alama nzuri katika hesabu. Shangazi zangu walinisifu kwamba nina moyo wa uvumilivu. Sikuwa na uvumilivu wowote. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mtu angeweza kunipiga au kunipa zawadi, na vyote viwili vingekuwa sawa kwangu.

Mama naye alifanya kazi. Alikagua mahema, alipiga simu, alitengeneza ratiba. Majirani walikuwa wamemzoea kama Mama Oluoch. Sasa baadhi yao walianza kumwita Mama Bridgit, wakidhani wanampunguzia uchungu. Aliitikia majina yote mawili kwa sauti ile ile.

Mwisho wa Februari barua zilipofika, aliniambia, "Bridgit, una mwandiko mzuri. Utazijibu wewe?"

"Sawa, Mama," nikasema.

Niliketi mezani na rundo lile. Bahasha ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya rangi, "Kwa Anko Oluoch," na chini yake mtoto alikuwa amechora jua linalocheka. Sikulia. Mkono wangu ulikataa tu kuifungua. Niliigeuza, nikasoma jina la mtoto nyuma ya bahasha, nikachukua karatasi na kuandika:

"Mpendwa mwanakambi, tumefurahi sana kupata barua yako na kusikia kwamba wewe ni mzima. Tunakuombea. Soma kwa bidii na uwatii wazazi. Tutaonana Agosti."

Nikaandika hivyo hivyo kwa wa pili, na wa tatu, mpaka nikamaliza wote thelathini na wanane. Barua zenyewe, zikiwa bado zimefungwa, nilizitia katika katoni na kuificha stoo nyuma ya magodoro. Katika rejista ya barua kuna sehemu mbili za kutia alama: imesomwa, imejibiwa. Nilitia alama kote kuwili.

"Umezisoma zote?" Mama aliniuliza.

"Nimezisoma."

"Kuna mtoto mwenye shida?"

"Hakuna. Wote ni wazima."

"Asante Mungu," akasema, akarudi kwenye mahema yake.

Uongo ule haukunisumbua hata kidogo. Machi nilifanya vivyo hivyo, na Aprili pia. Nilikuwa nimeikariri barua yangu kama jedwali la mara mbili.

Jumapili ya mwisho wa Mei, Pasta Macharia wa Chepsaita alinitafuta baada ya ibada. Alikuwa na bahasha moja mkononi, nene kuliko zote.

"Hii ni ya Nekesa," akasema. "Yule msichana mdogo anayeishi na nyanya yake. Ameniambia nisiiweke pamoja na zile zingine, nikupe mkononi."

Sikuifungua kwa sababu nilimjali Nekesa. Niliifungua kwa sababu ilikuwa nene na nilitaka kujua kwa nini. Ndani nilikuta barua zangu tatu, ya Februari, ya Machi na ya Aprili, zimekunjwa vizuri. Pamoja nazo kulikuwa na ukurasa uliochanwa kutoka kwenye daftari.

"Kwa walimu wa kambi. Bwana asifiwe. Ninawarudishia barua hizi tatu. Nadhani mlichanganya bahasha mkanitumia za mtoto mwingine, kwa sababu zinasema mmefurahi kusikia mimi ni mzima, na mimi si mzima. Sikio langu la kulia bado linatoa maji na sasa yananuka. Tafadhali mpeni mwenyewe barua zake, asifikiri mmemsahau. Mkizipata zangu mtanitumia. Ninasubiri. Ni mimi, Nekesa."

Niliisoma mara mbili. Kisha nikaenda stoo, nikaivuta katoni na kuzitafuta bahasha zenye jina lake.

Ya Februari ilianza hivi: "Pole sana kwa Anko Oluoch. Nililia kanisani. Alinifundisha kufunga kamba ya hema isifunguke." Baadaye ilisema, "Mlituambia tuandike lile ambalo hatujasema nyumbani. Sikio langu linatoa maji tangu Krismasi. Nyanya ananitia mafuta ya moto kidogo, anasema yataisha. Mwalimu akiniuliza swali sisikii, nikijibu lingine darasa linacheka. Sitaki waniite kiziwi. Nifanye nini?" Ya Machi ilikuwa fupi. Ya Aprili ilikuwa na mstari mmoja tu: "Nifanye nini?"

Niseme ukweli wote. Wazo langu la kwanza lilikuwa baya. Nekesa mwenyewe alikuwa amenipa njia ya kuponyoka. Nilitoa karatasi, nikaandika, "Mpendwa Nekesa, ni kweli tulichanganya bahasha." Hapo kalamu ikasimama. Barua haingeponya sikio. Ili litibiwe, lazima Mama ajue, na Mama akijua atauliza ni tangu lini. Hakukuwa na njia ya kumsaidia Nekesa bila kujianika mwenyewe. Nilikaa dakika kadhaa nikitafuta njia kama hiyo. Naona haya kusema hivyo, lakini niliitafuta kweli.

Mama alikuwa uani akichambua maharagwe. Niliiweka katoni miguuni pake na kumpa karatasi ya Nekesa. Aliisoma, akainua kichwa.

"Hizi zingine ni nini?"

"Ni barua za watoto."

"Mbona zimefungwa?"

"Sikuzisoma, Mama. Nilikuwa nawaandikia wote barua moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nilingoja anifokee. Ningependa anifokee. Lakini alipangusa mikono kwenye leso, akachukua simu na kumpigia Pasta Macharia. "Pasta, mwambie nyanya yake Nekesa kesho asubuhi tutamfuata mtoto," akasema. "Ndiyo, kesho. Tumechelewa vya kutosha."

Jumatatu sikwenda shule. Tulimkuta Nekesa amevaa gauni la kanisa, amekaa mlangoni tayari. Ni mtoto wa miaka kumi, mwembamba, na alikuwa amejiziba sikio kwa pamba. Nyanya yake alihangaika.

"Mimi nilifikiri ni maji ya kuoga imeingia, Mama Oluoch," alisema. "Si nimekuwa nikitia mafuta kila jioni?"

"Twende tu, Mama," Mama akamjibu. "Daktari atatuambia."

Katika kliniki ya masikio mjini Eldoret foleni ilikuwa ndefu. Mama na nyanya walikwenda kuandikisha jina. Mimi nilibaki na Nekesa kwenye benchi, kati ya mama aliyebeba mtoto mchanga na mzee mwenye kofia ya sufu.

"Dada Bridgit," Nekesa akasema, "mlimpata yule mwenye barua?"

"Hakuna mwenye barua," nikajibu chini chini.

"Ati?"

Nilikuwa nimekaa upande wake wa kulia. Aligeuka akanielekezea sikio la kushoto. "Sema tena. Lile halisikii."

Ikabidi niseme kwa sauti, na benchi zima likasikia. "Hakuna mtoto mwingine. Barua zilikuwa zako. Mimi ndiye niliyeziandika, na sikuwa nimesoma za kwako. Niliwaandikia watoto wote maneno yale yale."

Yule mzee akanitazama, kisha akatazama kando. Nekesa akanisogelea.

"Kwa hivyo hakuna mtu alisoma?"

"Hakuna."

"Hata ile ya kusema pole?"

"Hata hiyo."

"Mimi nilikuwa nasubiri," akasema, akatazama viatu vyake. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba anisamehe. Niliona aibu, aibu kali ya kuchoma masikio. Tangu Januari nilikuwa sijahisi kitu, na hilo ndilo lililonijia kwanza.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye taa ndogo kichwani. Alilisafisha sikio polepole, akalichungulia, kisha akatueleza. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka na ndani kulikuwa na usaha. Angempa dawa ya matone na nyingine ya kumeza, na arudishwe kila wiki mpaka pakauke. Huenda tundu lingejiziba lenyewe, huenda lingehitaji upasuaji.

"Angeletwa Februari, kazi ingekuwa nyepesi," alisema. Kisha akamgeukia nyanya. "Na wewe Mama, sikio linalotoa maji halitiwi mafuta, wala kijiti, wala kitu chochote. Linaletwa hapa."

"Nimesikia, daktari," nyanya akasema.

Mama alizungumza pia na mwalimu wa Nekesa, na tangu juma lile mtoto anakaa dawati la mbele, sikio la kushoto likielekea kwa mwalimu. Kufikia Julai usaha ulikuwa umekwisha na tundu limeanza kuziba. Bado hasikii vizuri upande ule. Daktari anasema tungoje.

Lakini nirudi kwenye Jumatatu ile. Tulifika nyumbani alasiri. Mama hakunituma kubadilisha nguo wala kuteka maji. Aliileta katoni, akaketi kwenye godoro moja stoo, akanionyesha niketi mbele yake.

"Kesho utarudi shule," akasema. "Leo tunasoma."

Tulifungua bahasha moja moja. Zile za watoto walio wazima tuliziweka kulia. Zile zenye swali tuliziweka kushoto. Mvulana mmoja alikuwa akipigwa na wakubwa njiani. Msichana mmoja hakujua kama atarudi shule baada ya mama yake kujifungua. Tulipokuwa tumefika nusu ya katoni, upande wa kushoto ulikuwa na barua kumi na moja. Wote hao niliwaandikia kwamba nimefurahi kusikia ni wazima.

"Utanipa adhabu gani, Mama?" nikauliza, kwa sababu nilichoka kungoja.

Mama aliweka chini barua aliyokuwa ameishika.

"Utawaandikia hawa wote tena, mmoja mmoja, na utawaambia ukweli kama ulivyomwambia Nekesa. Hiyo si adhabu, ni deni lako kwao." Akanisogelea. "Sasa nisikilize. Hukukosa kwa kushindwa kusoma. Umefiwa na kaka yako. Kushindwa si dhambi, na hata mimi kuna siku nimeshindwa kutoka kitandani. Ulikosa ulipotia alama kwamba umesoma. Ungeniambia, 'Mama, kazi hii siiwezi,' ningempa mtu mwingine siku hiyo hiyo, na sikio la yule mtoto lingetibiwa mapema. Anayesema hawezi, watu humsaidia. Anayesema amefanya na hajafanya, anafunga mlango, na mwenye shida anabaki nje akibisha."

"Nimeelewa, Mama."

"Na mimi pia nina kosa. Kila mwezi nilikuuliza kama wote ni wazima, nikashukuru uliponijibu ndiyo. Sikutaka kuuliza zaidi, maana sikuwa na nguvu ya kusikia jibu lingine. Kwa hiyo tumekosa wawili, na tutarekebisha wawili."

Akanisogezea rundo lililobaki. Nilichukua bahasha ya juu. Ilikuwa ya Februari, na juu yake palikuwa na jua lile linalocheka. Niliishika. Mkono wangu ukakataa, kama ulivyokataa siku ile.

"Mama," nikasema, "zilizoandikwa jina la Oluoch siwezi kuzifungua."

"Basi hizo nipe mimi," akasema, akanyoosha mkono.