Wali Uliofunikwa kwa Nailoni

Scholastika alikuwa mama lishe pale Nyasho, mjini Musoma. Kila siku wali ukikaribia kuiva, aliufunika kwa mfuko wa nailoni, kisha akaweka mfuniko na makaa juu yake. Alijifunza hivyo kwa wenzake, na hakuona ubaya wowote.

Ng'ambo ya barabara alipika Dorkas. Huyu alikuja juzi tu kutoka Nyamuswa, lakini benchi lake lilijaa kila mchana. Wivu ulimkaba Scholastika. Kila bodaboda aliyepaki kwa Dorkas, yeye alihesabu ameibiwa.

Siku moja akamwona Mniko kwenye benchi lile. Mniko, mume wake wa ndoa ya kanisani, anapuliza wali wa mwanamke mwingine! Akamwacha mteja na chenji yake, akavuka barabara.

"Baba Eliasi, kwangu umekosa nini?"

Mniko aliweka kijiko chini. "Mama Eliasi, si nilikuwaga nakwambia? Wali wako unanuka nailoni. Ukanijibu nikapike mwenyewe."

Watu wakacheka. Scholastika akamgeukia Dorkas. "Na wewe, umemwekea nini mume wangu?"

"Chumvi na mafuta," alisema Dorkas. "Usinigombeze bure, dada. Njoo uone sufuria yangu."

Scholastika hakutaka, lakini wivu wenyewe ulimsukuma achungulie. Juu ya wali palikuwa na majani ya mgomba, safi kabisa.

"Hata mimi nilikuwaga natumia nailoni," Dorkas alieleza. "Muuguzi wa zahanati akatukataza. Mfuko ule si wa kupikia. Ukipata joto unalainika, kemikali zake zinaingia kwenye chakula. Ukiuchoma, moshi wake una sumu. Ukiutupa mtaroni, mvua inaupeleka ziwani. Majani haya yanaoza tu, yanakuwa mbolea. Ukiyakosa, mfuniko unaobana vizuri unatosha."

"Ziwani ndiyo usiseme," Mniko alidakia. Yeye ni mvuvi. "Siku nyingine nyavu zinatoka na mifuko tupu."

"Na wanaobeba chakula kwenda nacho nyumbani, unawafungia kwenye nini?" Scholastika aliuliza, bado kanuna.

"Wanakuja na bakuli. Mwenye bakuli namwongezea maharage. Siku hizi hakuna anayesahau."

Scholastika aliondoka bila kuaga. Kumuiga Dorkas kulimuuma kama jino bovu. Hata hivyo, asubuhi alinunua majani ya mgomba, akayaosha, akafunikia wali. Wateja aliwaambia waje na bakuli. Haikuchukua muda, benchi lake likajaa.

Mniko naye alirudi. "Huu sasa ndio wali," alisema. "Kama wa..."

"Kama wa nani?"

Mniko akainamia sahani. "Kama wa mama yangu."

Ng'ambo, Dorkas alisimama mikono kiunoni, akizitazama pikipiki zilizopaki kwa Scholastika. Scholastika alilijua jicho lile. Akapakua sahani ya wali, akavuka barabara.

"Onja, mwenzangu. Na asante. Siku ile sikukushukuru."

Dorkas alionja. Alitafuna polepole, akitafuta kasoro.

"Mtamu," alisema mwishowe, na ilionekana wazi kwamba neno lile limemuuma.