Jenereta Isizimwe

Rehana alikuwa analia, lakini hakuna aliyemsikia. Asmahan alipita chumbani kuchukua kanga tu, akamkuta mwanawe wa miezi mitatu uso umemwiva, mdomo wazi, machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Sauti haikutoka hata chembe. Akambeba mbiombio mpaka kibanda cha bustanini, kwa mumewe.

Khatib alikuwa na redio yake ya mawasiliano. Mtu mzima, simu mbili mfukoni, lakini kuongea na kaka yake Suhail aliyeko Wete, Pemba, lazima iwe kwa mawimbi. Kwa raha hiyo nyumba nzima pale Northfield, Uingereza, ilikuwa imekosa amani. Kwanza alilaumu umeme wa nyumba, eti taa na chaja za majirani zinaujaza kelele. Akanunua jenereta. Jenereta nayo ikaja na mvumo wake, ukafunika sauti zote za mbali.

Zakariye, fundi umeme, Msomali aliyekulia Nairobi, alikuja akasikiliza, akacheka. "Hii power yako ni chafu, bro. Nakufungia filter, lakini pia piga rod ya ethi kwa ground. Ikishaingia utaskia hadi mtu akikohoa huko Pemba."

Asubuhi hiyo, kabla Asmahan hajamfikia, Khatib alitoka na nyundo na fimbo ya shaba, hiyo rod ya ethi ya kuzamisha ardhini. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi ya Januari, fimbo ikagoma. Akarudi jikoni, akachemsha birika, akamwaga maji yanayotokota palepale, akagonga. Ikazama, akaiunga na redio kwa waya.

"Baba Rehana," alisema Asmahan mlangoni, "mtoto hana sauti."

Kabla Khatib hajajibu, redio ililia. Mvumo ulikuwa umekwisha kabisa, na katika usafi ule alisikika mtoto mchanga. Rehana alipofungua mdomo, kilio kilitoka redioni. Aliponyamaza kuvuta pumzi, redio nayo ilinyamaza.

Asmahan alilitazama birika lililoachwa kwenye majani. "Ulimwaga maji ya moto?"

"Ardhi ilikuwa ngumu."

"Ulisema tupisheni?"

Khatib aliinamisha kichwa. Alilelewa na bibi ambaye hata maji ya tambi hakuyamwaga uani bila kusema bismillahi, tupisheni, kwa kuwa chini kuna wenyewe, nao wana watoto wao. Alilijua hilo tangu utotoni. Lakini hapa ni Uingereza, alikuwa na haraka, na hakudhani kama wamefika mpaka huku.

Maalim Amour, msomaji wa dua, aliletwa kutoka mtaa wa Alum Rock mchana uleule. Kibanda kilikuwa kimeanza kunuka, harufu ya kuku aliyetiwa maji ya moto anyonyolewe. Alimsomea mtoto, haikusaidia. Akaomba maikrofoni ya redio, akabonyeza, akasoma humo, kisha akaachia kusikiliza.

Sauti ya mwanamke ilijibu, karibu kabisa, bila mkwaruzo.

"Wangu hakulia. Maji yalimuwahi."

"Aliyekosa hakukusudia," Maalim alisema. "Anaomba radhi. Sema unachotaka."

"Sitaki kitu. Huyu ninaye."

Maalim alimgeukia Khatib, akanong'ona, "Zima jenereta. Tumkatie njia."

Khatib akatoka mbio akaizima, akaishika ile fimbo ya shaba kwa mikono miwili aing'oe, akavuta mpaka mgongo ukamlia, na fimbo haikutikisika, maana kulikuwa na kitu chini kimeishika vilevile kwa mikono miwili, na huku anavuta akamsikia Asmahan nyuma yake, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa hata kujisikia, anasema washa, baba Rehana, washa, hapumui, naye akavuta kamba ya jenereta ikakataa, akavuta tena ikakohoa ikafa, akavuta analia, ndipo ikawaka, na kifua cha mtoto kikainuka.

Maalim alikuwa anavaa viatu. "Hili limenishinda, mwanangu. Sijui wa kumfungua."

Tangu hapo jenereta haijazimwa. Walijaribu kuipa redio umeme wa nyumba, mtoto akakata pumzi vilevile. Zakariye amefunga jenereta ya pili ya kupokezana, na hakuuliza tena wala kucheka. Mara moja petroli iliingia uchafu, umeme ukayumba, midomo ya Rehana ikageuka buluu. Sasa Khatib anaichuja kwa kitambaa, tone kwa tone. Majirani wanagonga uzio kwa sababu ya kelele. Wete hajaitafuta tena.

Wamehamia kibandani. Kitanda cha mtoto kimesogezwa penye redio, kwa kuwa ndiko anakosikika. Asmahan humwimbia, lakini Rehana hageuzi macho kwake.

Jana kilio kilikatika ghafla. Yule mwanamke alianza kuimba, taratibu, wimbo uleule wa Asmahan. Kisha mtoto akacheka redioni, kicheko chake cha kwanza, kirefu, cha kushiba.

Asmahan aliinama kitandani. Rehana alikuwa amelala, mdomo umefumba.

"Keshamzoea," alisema Asmahan.

Khatib alichukua dumu la petroli, akatoka kwenda kuongeza.