Aliyeitika kwa Jina la Carmel

—Elikia!

—Présent!

Clotilde akainua macho kutoka kwenye orodha. Elikia alikuwa ametumwa maji dakika tano zilizopita, na aliyemtuma ni yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa ya Elikia kabisa, na kigugumizi chake. Lakini mdomo ulioitoa ulikuwa wa Jeancy, mchumba wa Clotilde.

Vijana wakaangua kicheko. Ndiyo tabia ya kundi lile la kujitolea la mtaa wa Kikula: mwenzako akichelewa, unamwitikia "présent", yaani nipo, asikatwe jina. Clotilde hakucheka. Aliifunga orodha, jamani, kabla majina hayajaisha.

Maana miezi mitatu nyuma, siku ya kuzibua mitaro kabla ya mvua, mdogo wake Carmel, miaka kumi na saba tu, aliangukiwa na ukuta nyuma ya ghala bovu. Jioni, saa ya kuhesabiana, jina lake liliitwa na sauti yake ikaitika. Kila mtu aliisikia, wakatawanyika. Maiti ilipatikana asubuhi yake. Tangu hapo mtaa mzima unasema roho ya mtoto ilikuja kuaga. Mama yao, Mama Bibiane, aliishika habari hiyo kwa mikono miwili. Kila Jumamosi alikuja kukaa kwenye benchi pale kundi linapoitwa majina, akitega sikio, na aliapa havui nguo za msiba, wala harusi ya Clotilde na Jeancy haifungwi, mpaka mwanawe aitike tena. Clotilde naye, akiwa peke yake jikoni, alikuwa akiisikia ile "présent" mgongoni. Akigeuka, hakuna mtu.

Akamwandikia Jeancy kwenye simu: "Kuya nyuma ya kanisa. Sasa hivi."

Jeancy akaja anatabasamu.

—Chérie, juu ya nini uko naniita mbio hivi?

—Ile siku ya Carmel. Nani aliitika?

—Bantu bote banajua. Ni roho yake.

—Jeancy, niangalie ku macho. Njo weye uliitika?

Tabasamu likamwisha.

—Njo minye niliitika. Aliniomba, "Nikichelewa, uniitikie." Nilizani amekimbilia mupira.

—Muganga alisema alipumua mpaka karibu asubuhi! Kama tungemutafuta…

—Ninajua! Nikifunga macho ananiita jina langu, na minye ninakosa sauti ya kumujibu.

—Miezi tatu mama yangu anangojea sauti yako weye! Na ulinyamaza!

—Niliogopa kukupoteza, Clotilde.

Mwongo ana siku zake, na siku ya Jeancy ilikuwa imefika. Clotilde akamkamata mkono, akamburuta mpaka kwenye benchi alipokaa mama yake.

—Mama, Jeancy iko na neno.

Kijana akapiga magoti kwenye vumbi, akasema yote, bila kujitetea. Mama Bibiane hakupiga kelele.

—Kumbe mutoto wangu hakuniaga.

—Hapana, Mama. Unisamehe.

—Ile neno. Sema vile ulisema ile siku.

—Mama, siwezi…

—Sema!

—Présent.

Ilikuwa sauti ya Carmel, ile yenye haraka, ya mtu anayetaka kuondoka. Vijana waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Mama Bibiane alifumba macho akaisikiliza, kisha akalia kilio ambacho hata makaburini hakukilia. Alipomaliza akafungua kitambaa cheusi kichwani.

—Sasa Carmel amekufa kweli. Simama, mutoto wangu. Nimekusamehe. Nenda, ulale usingizi na weye.

Akaondoka taratibu kuelekea nyumbani, peke yake, kitambaa mkononi.

Jeancy akajipangusa machozi, akamgeukia Clotilde.

—Umesikia? Mama amesamehe. Hata msiba umeisha. Sasa tutaoana?

—Minye nilikusamehe pale ulipopiga magoti. Na ninakupenda, Jeancy. Usifikiri ninasema hivyo bure.

—Basi nini tena?

—Siku ya ndoa padri atakuuliza kama unanitaka, na weye utaitika. Minye nitasikia sauti ya nani?

Clotilde akavua pete, akamwekea kiganjani, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake yote miwili. Kisha akamkimbilia mama yake.