Joka Lililokausha Kisima cha Mshangano

Naapa mbele ya Mungu na mbele ya bando lenu mnalolichoma kunisikiliza: simulizi hii sijaitia chumvi hata punje. Anayebisha aje Mshangano, nitamwonyesha shimo.

Shemeji yangu Ludovika alikuwa ndani ya kisima, tope hadi kiunoni.

Juu, watu wamezunguka na mapanga.

"Nimelishika!" akapiga kelele kutoka chini. "Nimelishika joka lenu!"

Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe!

Mimi sikukimbia. Maana hilo joka nililizaa mimi... kwa mdomo wangu.

Ngoja niwarudishe nyuma.

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa tumbaku walimiminika. Wakulima wa Namtumbo wakahaha kutafuta kuni za kukaushia tumbaku kwenye mabani. Nami mjanja, nikapanda milingoti, yaani mikaratusi, bondeni penye unyevu, juu kidogo ya kisima cha mtaa mzima.

Jamani, ilikua! Asubuhi mche uko gotini, jioni mbuzi amejilaza kivulini pake!

Ila bonde likanyamaza. Vyura wakahama. Ndoo ikawa inarudi na tope...

"Polikarp, hii miti yako vipi?" akaniuliza mwenyekiti wetu, Hironimus, mbele ya watu waliokuja kuchota.

"Miti? Mwenyekiti, humo kisimani nimeona joka! Lina shungi kama jogoo. Linakunywa maji, likishiba linapiga mbweu!"

Nilidhani watacheka.

Hawakucheka.

"Joka la namna hiyo lina mwenyewe anayelifuga," akasema mmoja.

"Nani anakaa jirani na kisima?"

Macho yote yakageukia nyumba ya Ludovika, mjane wa kaka yangu.

Nami nikanyamaza. Ilibaki msimu mmoja tu nivune!

Kesho yake mlango wake ukapigwa mawe. Watoto wakakatazwa kupita kwake. Jumapili, watu wametoka misa, Hironimus akamkabili.

"Mama, kabla jua halijazama uwe umehama. Hawa sitawazuia."

"Nihame? Niacheni kwanza nimtoe huyo nyoka."

Akaingia kisimani na jembe.

Basi ndipo akapiga ile kelele. Hironimus akajikaza, akarudi ukingoni, akashika ncha aliyorushiwa, akavuta. Kitu cheupe, kirefu, kikanyooka... Hakikuuma. Hakikujipinda.

Mzizi!

Watu wakarudi, wakauchimba wakiufuata. Ukapanda mteremko... ukaelekea shambani kwangu. Nami narudi kinyumenyume, narudi, mpaka mgongo ukagota kwenye mlingoti.

Mzizi ukaishia papo hapo, kati ya miguu yangu!

"Shemeji," Ludovika akasema taratibu, tope likimdondoka, "nyoka wako huyu hapa. Ulitaka nife nikiwa nimembeba?"



Hukumu ikatoka palepale. Niangushe msitu wote na kung'oa visiki, maana mlingoti ukikatwa tu unachipua. Kuni zote ziwe za Ludovika. Akawauzia watu wa Namtumbo, akaezeka bati. Mimi nikaambulia malengelenge!

Wajukuu zangu, pandeni miti ya kuni, ni mali. Ila pandeni mlimani, maji yaacheni yapumue. Na uongo wako ukiuona unaelekea mlangoni kwa mtu, ukane mchana kweupe, kabla mawe hayajarushwa.

Sasa niwaache. Ludovika ameshagonga ndoo huko nje. Kumchotea maji ilikuwa sehemu ya hukumu, na mpaka leo mwenyewe hajasema imekwisha.