Profaili za Kamera ya Migwani

"Si mimi niliyempaka bibi harusi majivu," Najma alisema. "Ni hizo profaili zako."

"Profaili ni ya rangi tu, haina mikono." Mwau alivuta kiti karibu na kompyuta. "Umeharibu picha za dadako mwenyewe, sasa unasingizia mashine."

Kamera Mwau aliinunua Migwani kwa mjane wa mpiga picha, na profaili, faili za kompyuta za kurekebisha picha, zikaja pamoja nayo: moja ya rangi, nyingine ya kunyoosha kuta ambazo lenzi huzipinda pembeni. Najma alizitia kwenye picha zote za harusi ya Fahima kwa mpigo mmoja, kama walivyozoea studio kazi ikizidi.

"Basi tazama, bosi." Akazima ile ya lenzi. Ukuta ukapinda, Fahima akabaki peke yake. Akaiwasha. Ukuta ukanyooka, ukingo wa picha ukavutwa ndani, ukaja na mwanamke mwenye buibui lililolowa.

"Huyo ni shangazi yenu?"

"Hatumjui."

Katika picha iliyofuata alikuwa amesogea. Kila Najma alipofungua nyingine, harufu ya udongo mbichi ilizidi chumbani ingawa mji mzima wa Mwingi ulikuwa mkavu, na chini ya ngurumo za malori ya Garissa akasikia mtu akipumua polepole nyuma ya shingo yake, mpaka wakafika picha ya mwisho, ambapo mwanamke alikuwa amemshika Fahima mkono huku akiwatazama wao wawili.

Najma alimpigia Maalim Abubakar, anayewasomea wagonjwa wa majini pale msikitini.

"Msifute kitu mpaka nifike," maalim alisema kwa sauti ya chini. "Hapo amepata pa kukaa. Mkimtoa, atatafuta pengine."

Mwau alinong'ona, "Fahima ameshashuka stendi, anakuja kuchukua picha. Unataka aone hii? Futa."

"Maalim amesema tungoje."

"Maalim hajafika. Dadako anafika."

Najma aliwazia uso wa dadake mbele ya picha ile. Akafuta profaili zote mbili.

Rangi ya Fahima ikarudi, kuta zikapinda, mwanamke hakuwepo. Mwau akamshukuru Yesu. Najma naye alitaka kushukuru, lakini kule kupumua hakukuwa kumekoma, kulikuwa kumehamia nje, kukipanda ngazi sambamba na viatu vya Fahima.

Mlango ukafunguka. Fahima alisimama hapo, bega moja limeshuka kama la mtu anayevutwa.

"Najma," alisema, "mwambie huyu mama aniachie mkono."