Aliyemwitikia Zawadi

Siku ya tatu, simu ya buluu ilikuwa bado inaonyesha asilimia sabini na moja.

Roger aliizima, akaiwasha tena, akaangalia. Sabini na moja, kama jana, kama juzi. Kando yake, juu ya meza ya cherehani, simu nyeusi ilikuwa imekwisha kufa mara mbili, na mara mbili Roger alikuwa ameipeleka kuchajiwa kwa jirani mwenye plaki za umeme wa jua juu ya paa. Katika sehemu yao ya Mikelenge, mjini Kindu, umeme ulikuwa jambo la kusimuliwa, na mtu aliyenunua simu aliuliza kwanza habari za batri.

Simu zote mbili zilitoka kwa Djamali, mwenye duka sokoni, aliyekuwa akinunua mawese kwa Roger tangu zamani. Djamali alimwambia azipeleke nyumbani siku tano, azijaribu, achague moja na kurudisha nyingine, naye akabaki na kadi ya uchaguzi ya Roger kama dhamana. Simu yenyewe ilikuwa ya mke wa Roger, Philomène. Alikuwa mshonaji, na wateja wa siku hizi hawakuja tena na nguo ya kuigwa. Walituma picha, na simu yake ya vitufe haikuweza kupokea picha.

Roger alikuwa mtu wa utaratibu. Alichukua karatasi ya daftari akapiga mstari katikati. Upande wa nyeusi aliandika kwamba kamera ilikuwa safi, kioo kikubwa, ila batri haifiki jioni. Upande wa buluu aliandika kwamba picha zilikuwa na ukungu na kioo kidogo, lakini bei ilikuwa chini kwa faranga elfu ishirini. Sasa aliongeza: batri haishuki.

"Hii njo yenye faida," alimwambia mkewe.

Philomène aliiinua simu ya buluu karibu na uso, akairudisha mezani taratibu. Alisema inanuka. Roger akainusa. Ilinuka majani yaliyooza ndani ya maji, na alijua mara moja mahali alipoikuta harufu ile, ingawa hakusema.

Siku ya kwanza alikuwa amezibeba simu zote mbili hadi kwenye shamba lake la michikichi, ng'ambo ya kijito cha Kasoso, ili alinganishe mtandao na sauti. Alisimama pale njia inapovuka kijito, akarekodi maneno yaleyale katika kila simu: moja, mbili, tatu, mimi njo Roger. Kisha kazi ikamshika, akasahau kusikiliza.

Mchana huo Philomène alipokwenda sokoni kununua uzi, Roger alikaa kwenye kiti cha cherehani akasikiliza. Simu nyeusi ilitoa sauti yake, na ndege, basi. Simu ya buluu ilitoa sauti yake, iliyo wazi zaidi kuliko ya nyeusi, halafu maji yakipita juu ya mawe, halafu mtoto wa kike akasema kwa upole, kama mtoto anayeogopa kugombezwa:

"Papa. Unga haikumwangika?"

Roger aliifuta rekodi ile.

Mwaka ule wa vita, mji ulipofungwa, treni haikuja wala boti, watu walikula majani ya viazi mpaka yakaisha. Asubuhi moja risasi zikaanza karibu na nyumba zao, na mtaa mzima ukakimbilia porini chini ya mvua. Philomène alikuwa mbele, amembeba Didier mgongoni, mtoto wa miezi minne. Roger alifuata nyuma, mkono mmoja umeshika mfuko wa unga wa muhogo juu ya bega, mkono mwingine umemshika Zawadi, binti yao wa kwanza, mwenye miaka sita. Kwenye kijito cha Kasoso risasi zilitokea upande wa pili, watu wakatawanyika. Walipokutana tena ndani ya msitu, Philomène alikuwa na Didier na Roger alikuwa na unga.

Walikaa siku nne kabla ya kuthubutu kurudi pale. Hawakukuta kitu, hata ndala. Roger alimwambia mkewe kwamba mkono wa mtoto ulikuwa umelowa, ukateleza. Baada ya miaka, majirani, kwa huruma, waliacha kuwaita Papa Zawadi na Mama Zawadi, wakawa Papa Didier na Mama Didier, hata baada ya Didier kukua na kuhama nyumbani. Kaburi halikuwepo, kwa hiyo hata matanga hayakuwekwa.

Siku ya nne ya kuzijaribu simu, mvua kubwa iliiangukia Kindu saa sita mchana, na nyumba ikawa na giza kama imefunikwa kwa chungu. Roger alikuwa nje, anapanga madumu yake ya mawese chini ya baraza, akisikia cherehani ikienda. Kisha cherehani ikanyamaza. Alingoja iendelee, haikuendelea, na katika ule ukimya, chini ya kishindo cha mvua juu ya mabati, alisikia mke wake akizungumza kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka ishirini na miwili, sauti ndogo ya kubembeleza, ile ya kumwogesha mtoto asiyependa maji ya baridi.

Aliingia. Philomène alikuwa ameketi sakafuni, simu ya buluu sikioni, na kuzunguka miguu yake saruji ilikuwa imelowa, si kwa kuvuja, kwani paa lilikuwa zima, bali kwa alama za nyayo, ndogo, zilizotoka upande wa meza na kumzunguka yeye mara nyingi, kama za mtoto anayecheza karibu na mamaye asitake kwenda mbali.

"Weka chini, Mama Didier," Roger alinong'ona.

"Njo yeye," Philomène alisema. "Anasikia baridi. Anauliza kama unga haikumwangika." Akamtazama mumewe. "Unga gani, Papa Didier?"

Roger angeweza kusema hajui. Alikuwa amesema hivyo moyoni maisha yake yote. Lakini nyayo zile zilikuwa zimesimama mbele yake, mbili, vidole vikimwelekea, na akaketi kwenye kiti cha cherehani akasema. Alisema mfuko ulikuwa unaanguka begani. Alisema ulikuwa unga wa mwisho, kwamba bila unga ule Didier asingepata maziwa kwa mama yake, na kwamba aliuachia mkono wa Zawadi ili aushike mfuko kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa amemwambia, papa, unga itamwangika. Ilikuwa nukta moja tu. Alipoushusha mkono, hakukuwa na mkono mwingine wa kuupokea.

Philomène hakulia. Mvua ilianza kupungua.

"Miaka hii yote," alisema, "nilikuwa ninailaumu mvua."

Tangu hapo hakuiachia simu. Hakushona, hakula, alizungumza na simu chini chini, akinyamaza kupokea majibu ambayo Roger sasa hakuweza kuyasikia. Maji ya kunywa ndani ya mtungi yalianza kunuka majani. Batri ilisimama palepale. Roger alimsemesha, akaomba msamaha, akaomba tena, na mkewe alimwitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni.

Alfajiri ya siku ya tano Roger aliamka akakuta mlango wazi. Philomène alikuwa amefika barabarani, akielekea upande wa mashamba, amejifunga kitenge mgongoni kama mama aliyebeba mtoto. Roger alikimbia akamfikia, na alipotaka kumshika bega mkono wake ulibaki hewani, kwa maana kitenge kile, ambacho hakikuwa na mtoto ndani, kilikuwa kimevutika kwenda chini, fundo lake limekaza kifuani, nguo imejaa na kujikunja pale makalio ya mtoto yanapokaa, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka ndani yake tone kwa tone juu ya udongo, na kila mara Philomène alipopiga hatua, ule uzito uliyumba kidogo, ukajisogeza, ukatulia.

Alikifungua kile kitenge kwa kulazimisha. Kikaanguka, kikiwa kitupu. Philomène akaanguka nacho.

Roger alimpeleka kwa mwalimu Aboubakar. Mwalimu alifundisha watoto Kurani kwenye msikiti mdogo wa mtaa ule, na watu wa dini zote, Roger Mkatoliki mmoja wao, walimwendea kwa mambo ambayo dispensari haikuyajua. Alisikiliza yote bila kukatiza. Akaishika simu kwa kitambaa. Kisha akamuuliza Philomène sauti hiyo ni ya mtoto wa umri gani.

"Miaka sita," Philomène alijibu.

"Na Zawadi, leo, angekuwa na ngapi?"

Philomène alihesabu kwa midomo. "Makumi mbili na nane."

"Wafu hawarudi kuongea, mama. Na kama angekuwa muzima, angekuwa mwanamuke mukubwa, na watoto wake. Huyu si mutoto wenu. Huyu ni kitu kilichokuwa pale siku ile, kikashika sauti yake, na kimeichunga. Papa alipofungua chombo cha kushika sauti, kikaingia. Tutakirudisha kwake, kwenye kijito. Tukichelewa, kitakuja kumutwaa mama."

Walikwenda watatu asubuhi ileile, jua likianza kukausha majani. Kasoso ilikuwa imejaa kwa mvua, maji ya rangi ya chai. Mwalimu aliiweka simu juu ya jiwe, akawasha makaa ndani ya kigae, akatia ubani, akaanza kusoma. Ndege walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Harufu ya majani yaliyooza ilipanda, ikaushinda ubani, na kioo cha simu kikawaka chenyewe.

"Mama," ilisema. "Mama, munaniacha tena?"

Roger aliziba masikio. Mwalimu hakuacha kusoma. Sauti ililia, ikabembeleza, ikamwita Roger, ikamwita Didier kwa jina lake la utoto, na kadiri kisomo kilivyoendelea ilizidi kuwa ndogo. Ndipo Philomène alipomshika mwalimu mkono akamwomba, kabla ya kumaliza, amruhusu aulize jambo moja.

Mwalimu alimwonya kwamba kumuuliza jini ni kumfungulia mlango.

"Ninajua," Philomène alisema. "Lakini muntu mwingine wa kuuliza hakuna."

Mwalimu alisogea nyuma.

Philomène alipiga magoti mbele ya jiwe. Hakumwita mtoto. "Wewe uliyekuwa hapa," alisema. "Binti yangu alikufa namna gani?"

Sauti iliyotoka simuni haikuwa ya mtoto, wala ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa nzito na ya polepole, kama jiwe linaloburutwa chini ya maji, na ilionekana kutafuta maneno.

"Risasi ilimupata mguu. Alilala pale, kwenye mizizi. Siku mbili. Alikuwa anaita mama. Anaita, anaita. Hakuna muntu aliitika." Maji yalipita. "Mimi njo nilimuitikia. Nilichukua sauti ya mama, nikasema, mwanangu, niko hapa. Akanyamaza kulia. Akalala. Mwili nikauficha, mbwa wasiupate. Sauti nikabaki nayo, kwa sababu ni mimi aliniachia."

Roger alikuwa amekaa matopeni, uso ndani ya mikono. Mwalimu Aboubakar alisoma aya zake za mwisho, akamwaga maji ya dua juu ya simu, na kioo kikazimika. Matope membamba yalitoka kwenye tundu la chaji. Roger alijua kwamba atailipia hiyo ya buluu iliyoharibika na kuinunua nyeusi pia, maana hakukuwa na namna ya kumweleza Djamali.

Walichimba shimo dogo pale kwenye mizizi, wakafukia kile kitenge alichokuja nacho Philomène, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Philomène alipanga mawe juu yake. Alipomaliza, Roger alimnyooshea mkono kumwinua. Philomène aliutazama ule mkono, akautazama sana, kisha akaushika. Hapo tu ndipo alipolia, na Roger akalia naye, na mwalimu akasimama kando amewapa mgongo.

"Sasa tunaenda, Mama Zawadi," mwalimu alisema mwishowe. "Musiseme kitu. Musigeuke nyuma mpaka tufike barabarani."

Philomène alijifuta uso. Lakini kabla ya kuondoka aliinama kuelekea maji, akasema neno moja kwa sauti ya chini, na wanaume wote wawili walilisikia.

"Asante."

Mwalimu alifumba macho. Hakumgombeza. Alitangulia tu njiani, akikaza mwendo, midomo ikisoma, Roger akamfuata, Philomène akawa wa mwisho.

Walikuwa bado mbali na barabara Roger alipoanza kusikia majani yaliyolowa yakikanyagwa nyuma yao, nyuma ya mkewe, kwa hatua fupi fupi, za haraka kidogo, zikisimama na kuanza tena. Mwalimu naye alikuwa amesikia, kwani alisoma kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyegeuka.

Ila Philomène alipunguza mwendo, kama afanyavyo mama ambaye mtoto wake anaachwa nyuma.