Pembe Niliyochelewa Kuipiga

Nina umri wa miaka hamsini na mmoja, baba wa watoto wanne. Naishi Ujiji, nashona nyavu za wavuvi. Majirani wananiona mtu mpole, asiye na makuu. Laiti wangejua!

Wasomaji wenzangu, habari hii nzima sijawahi kumsimulia mtu, hata mke wangu. Naomba mnisikilize hadi mwisho, kisha mnihukumu mtakavyo.

Nilizaliwa kwenye shamba la Mwingereza mmoja, upande wa Ilagala, karibu na Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Watu walimwita Bwana Ndege, na sidhani kama kuna kibarua aliyewahi kulitamka jina lake halisi. Alilima michikichi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye uwindaji wa ndege. Kwao Uingereza babu zake walikuwa na shamba kubwa lenye nyumba ya mawe na misitu, na kila mwaka majirani walialikwa kuwinda kwa taratibu ambazo hazikubadilika tangu enzi na enzi. Shamba lile alirithi kaka yake mkubwa. Yeye akaja kwetu, akazipanda taratibu zile kando ya ziwa kama mtu anavyopanda mbegu ya nyumbani.

Basi kila kiangazi, kanga na kwale wakishakuza vifaranga vyao, wageni walikuja kwa treni. Asubuhi kila mmoja alichomoa kijiti kwenye mfuko wa ngozi ili kujua atasimama wapi na bunduki yake. Sisi watu wa shamba tulikuwa waswagaji. Tulijipanga mstari mmoja, watu kama thelathini, tukatembea polepole tukipiga nyasi kwa fimbo ili ndege waruke kuwaelekea wageni. Ilikuwa marufuku kumpiga ndege aliyetua au anayekimbia chini. Jioni ndege walilazwa kwenye majani safu kwa safu, Bwana Ndege akavua kofia mbele ya kiongozi wa waswagaji, na kila mmoja wetu akaenda nyumbani na ndege wawili.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya pembe. Kiongozi wa mstari alibeba pembe ndogo ya shaba. Akifika kwenye alama, karibu na wageni, aliipiga. Pembe ikishalia, hakuna tena kufyatua risasi kuelekea mbele, kwa sababu mbele kuna watu!

Pembe hiyo aliishika babu yangu, kisha baba. Mimi ndiye mwana wa kwanza, na wa kiume ni mimi peke yangu. Nilijua kwamba baada ya baba ni mimi. Nani mwingine?

Miaka ile Warundi walikuwa wanakimbia vita kwao, wanavuka ziwa kwa mitumbwi na maboti, wengine na kijiko tu mkononi. Mmoja wao alikuwa kijana wa rika langu, Nzeyimana. Yeye na mama yake walipelekwa kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu, lakini akatoka kutafuta kibarua. Baba alimkuta kando ya bwawa akiita kanga kwa mdomo, na kanga wanamwitikia! Akamleta nyumbani. Mimi na dada yangu Skola tukaambiwa tumhesabu kuwa ndugu.

Nzeyimana alimwita baba yangu "Data", yaani baba, kama sisi wenyewe tulivyomwita. Alilala chumba kimoja na mimi. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni hadi zahanati, huku ananiimbia kwa Kirundi ili nisisinzie.

Na mimi nikamchukia...

Nasema ukweli. Mimi sikupenda kuamka alfajiri. Mbwa wa uwindaji sikuwajali. Nilipenda kushinda Kigoma mjini, stesheni, nikitazama watu wanaoshuka. Nzeyimana alikuwa anajua kila kichuguu, kila kijito, kila mahali kanga walipotaga. Mbwa walimfuata bila kuitwa. Je, baba angefanya nini?

Siku kumi kabla ya uwindaji wa mwaka ule, baba alituita barazani. Alisema miguu imechoka, mwaka huu atakaa kitini na wazee wenzake atazame. Kisha akamkabidhi Nzeyimana ile pembe.

"Gervas mwanangu," aliniambia, "usinune. Pembe hii inabeba roho za watu. Namwachia anayeijua ardhi."

Nilicheka, nikampa Nzeyimana mkono. Moyoni nilikuwa nawaka moto! Mkimbizi, mtu aliyekuja juzi, arithi kitu cha babu yangu?

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikamwambia kuna mkimbizi anaishi shambani bila kibali cha kutoka kambini. Hilo lilikuwa kweli. Nilipoona hashtuki, nikaongeza uongo. Nikasema nimemwona akificha bunduki, na kwamba usiku anapokea wageni kutoka ng'ambo. Bunduki ilikuwa ya Bwana Ndege, Nzeyimana alikuwa anaisafisha tu kwa ruhusa. Wageni hawakuwepo. Niliwatunga mimi, kwa mdomo wangu huu.

Askari walikuja kumchukua Nzeyimana wamrudishe kambini, siku mbili kabla ya uwindaji. Bwana Ndege alikuwa Kigoma kuwapokea wageni wake, kwa hiyo hakuwepo mtu mzito wa kumtetea. Baba aliwasihi sana. Askari walikuwa wastaarabu, walisema wao wanatekeleza taarifa waliyopewa, yatakayobaki yataulizwa huko mbele. Nzeyimana alivaa shati, akamkabidhi baba pembe kwa mikono miwili. Halafu akanigeukia mimi.

"Kaka, umwangalie Data. Kwenye majani marefu asipite."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu. Hakunishuku hata kidogo!

Bwana Ndege aliporudi alikasirika. Akaahidi kwamba wageni wakiondoka tu ataufuatilia mkasa huo hadi mwisho. Wageni walikuwa wameshafika, uwindaji haukuweza kuahirishwa. Pembe nikapewa mimi. Na kwa kuwa mbwa hawakunitii, baba ikabidi aache kiti chake, arudi kwenye mstari kuwaongoza mbwa. Naomba msomaji aliweke hilo akilini. Baba yangu asingekuwa kwenye zile nyasi kama si mimi.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, ndege wakawa wachache. Wa tatu ulikuwa kando ya bwawa, majani yanafika kifuani, na baba alikuwa upande wa kulia, bondeni, haonekani. Alama ya kupigia pembe ilikuwa kichuguu kikubwa chekundu.

Nikakifikia. Nikaishika pembe...

Mbele yangu niliona kundi la kanga, zaidi ya arobaini, wanakimbia chini kwa chini bila kuruka. Nikawaza, wakiruka hawa kwa pamoja juu ya vichwa vya wageni, Bwana Ndege atanivulia kofia kama hajawahi kumvulia mtu! Nikipiga pembe sasa, wataruka bure, hakuna atakayefyatua. Hatua chache tu, nikajiambia. Nikaishusha pembe, nikatembea.

Kanga waliruka. Ilikuwa kama ardhi imepasuka. Bunduki zikalia mfululizo. Kanga mmoja akaruka chini chini kuelekea bondeni, na mgeni mmoja akamfuata na mtutu wa bunduki yake...

Nikasikia sauti ya baba. Aliita mara moja tu: "Yoo!"

Tulimkuta amepiga magoti, ameshika uso kwa viganja viwili, damu inapita katikati ya vidole. Mbwa wamemzunguka wanalia. Yule mgeni alitupa bunduki, akakaa chini kwenye matope, akalia kama mtoto.

Bwana Ndege alinishika bega. "Pembe ilipigwa?"

Nikajibu, "Niliipiga, Bwana. Upepo uliichukua sauti."

Waswagaji wenzangu, kwa kelele za fimbo, mbwa na bunduki, hawakuweza kuapa kama ililia au la. Mnaona jinsi uongo unavyozaa? Yule mgeni akaamini kwamba amefyatua baada ya pembe. Wenzake wakaacha kumsemesha. Aliondoka na treni akiwa ameinamisha kichwa, na lawama ambayo haikuwa yake.

Hospitali walijitahidi, lakini chembe za risasi zilikuwa zimeingia macho yote mawili. Baba hakuona tena. Bwana Ndege alitangaza kwamba hakutakuwa na uwindaji mwingine maisha yake yote. Aliwagawa mbwa, akaziuza bunduki, na kabla ya masika akaliuza shamba na kurudi kwao. Katika vurugu hizo suala la Nzeyimana halikufuatiliwa na mtu. Waswagaji waliokuwa wakikutana kila mwaka, baba na mwana, wakatawanyika. Wengine ziwani kwenye dagaa, wengine kwenye mashamba ya watu. Kitu kilichodumu tangu enzi za babu yangu kilikufa kwa sababu yangu...

Baba hakunikaripia. Alikaa barazani, uso kauelekeza ziwani. Siku moja, Skola akiwa anampa uji, alisema taratibu, "Mimi masikio yangu ni mazima. Pembe sikuisikia."

Skola alinitazama, nikaondoka barazani.

Haukupita muda, mke wa mwenyekiti akamdokeza Skola sokoni ni nani aliyepeleka habari za Nzeyimana. Dada yangu alirudi, akatua kapu, akamwambia baba mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze! Nikaanguka miguuni kwa baba, nikakiri yote mawili, la kambi na la pembe.

Mkono wa baba ulitafuta kichwa changu hadi ukakipata.

"Macho yangu nimekusamehe," alisema. "Lakini la mwenzako si langu kulisamehe. Nenda kambini. Kawaambie wakubwa wa huko kwamba ulisema uongo. Umlete Nzeyimana nimshike mkono kabla sijafa."

Nikaapa kwamba nitakwenda. Na kweli asubuhi nilifunga safari, nikafika hadi stendi ya mabasi Kigoma. Basi la kuelekea Kasulu likajaa, kondakta akaita, mimi nimesimama... Niliogopa. Nikitamka kwamba nilidanganya, je, nisifungwe mimi? Na yeye nitamtazamaje usoni? Nililala Ujiji siku mbili, kisha nikarudi nyumbani nikasema, "Data, nimemtafuta kambi nzima, sikumpata."

Nilimdanganya kipofu! Kipofu niliyempofusha mwenyewe!

Baba akasema, "Basi atakuja." Tangu siku hiyo, kila aliposikia hatua za mtu njiani aliinua uso. Alisubiri hivyo kwa miezi mitano. Alifariki asubuhi, jina analoliita si langu.

Baada ya arobaini Skola aliniambia maneno machache. Alisema nisipokwenda, yeye na mimi hatujuani tena. Safari hii nilipanda basi.

Kambini niliuliza, nikaoneshwa kibanda cha udongo chenye turubai juu. Nje alikuwapo mama mmoja mwembamba anamenya muhogo. Niliposema "Shikamoo mama, mimi ni Gervas, natoka kule shambani," aliruka, akanikumbatia.

"Mwana wanje, mwanangu! Wewe ndiye Gervas? Kila siku alikuwa anakutaja. Alisema, huko nina Data, nina dada, nina kaka."

Nikamuuliza Nzeyimana yuko wapi. Uso wake ukabadilika. Alisema taarifa ile ya bunduki ilimwandama mwanawe. Watu waliogopa kukaa naye, wakasema atawaletea balaa. Alikaa mwezi baada ya mwezi akisubiri mtu wa shambani aje amsafishie jina lake. Mwisho akakata tamaa. Akasema bora arudi kwao, liwalo na liwe. Aliondoka kwa miguu kuelekea mpakani, siku kumi na nne kabla ya mimi kufika.

Siku kumi na nne! Ningepanda lile basi baba aliponituma, ningemkuta. Tangu hapo hakuna aliyesikia habari zake. Vita ilikuwa bado inaendelea huko, na kwa njia aliyopita watu wengi hawakufika.

Mama yule alinipikia ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Alinichagulia pande kubwa, mwenyewe akala kidogo. Nikiwa nakula, akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu hamkumjua aliyemsingizia mtoto wangu?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Hatukumjua."

Akashukuru kwamba nimefunga safari yote ile kwa ajili ya mwanawe. Akanisindikiza hadi barabarani, akaniombea dua kwa Kirundi, amenishika mikono yote miwili.

Baadaye Warundi wengi walirejea kwao, na mama yule alikuwa miongoni mwao. Nilikwenda hadi bandarini siku ile meli iliyowabeba ilipong'oa nanga, lakini sikuthubutu kumsogelea. Skola yuko Kigoma, ana wajukuu. Tunaonana misibani tu. Ananisalimia kama anavyomsalimia mtu baki.

Ndugu zangu, nawaomba kwa machozi. Ukiona mwenzako amepewa ulichokitarajia, jiulize kwanza kama wewe ulikitumikia. Usimsingizie mgeni kwa sababu hana wa kumtetea. Na ukishakosa, usingoje! Kiri siku hiyo hiyo, mbele ya yule yule uliyemkosea, hata kama utafungwa. Kifungo kina mwisho. Mimi nimekaa miaka mingi huru, natembea Ujiji yote, na sijapata hata siku moja ya raha.

Na kama kuna mtu anayemfahamu mama mzazi wa Nzeyimana, yule kijana aliyekuwa anaita kanga kwa mdomo, naomba amsomee haya. Mama, nilikula chakula chako nikakudanganya. Aliyemsingizia mwanao ni mimi.